Mkono wa Juu

Koko Nyasa tulimzika Buffalo, huku Amerika, theluji ikiwa imeshakuwa chafu kando ya barabara. Koko ndivyo tunavyowaita bibi zetu sisi watu wa Kivu, na huyu alikuwa koko wa watu wengi kuliko aliowazaa. Baada ya makaburini tulirudi kwenye ukumbi wa kanisa, wafiwa wakaketi kwenye viti vilivyopangwa ukutani, na waombolezaji wakapita mmoja mmoja kutupa mkono wa pole. Mimi niliketi kati ya Mama Wilondja, binti wa marehemu, na mtoto wake wa mwisho. Ndipo Ester, binti wa mwanawe Wilondja, akaja akasimama mbele yangu na kuniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza kama wenzake wote, kwamba mimi ni ndugu yao kwa upande gani. Mke wa baba yake si mimi, dada wa baba yake si mimi, na jina langu la ukoo si lao. Watu wazima wote mle ukumbini walikuwa na swali hilohilo, ila walikuwa na adabu. Nilimwambia amuulize bibi yake, Mama Wilondja. Bibi yake alikuwa ameshikwa mkono na mama mmoja aliyekuwa akilia kuliko wafiwa, kwa hiyo jibu lilichelewa, na mimi nilipokuwa nikingoja nikaukumbuka mwaka mmoja wa ujana wangu.

Ulikuwa mwaka 2015, nami nilikuwa Louisville, maeneo ya Iroquois, kwa baba mdogo Elia. Tulikaa ghorofa ya pili, sebule yenye makochi mawili ya kupewa yaliyofunikwa vitambaa vyeupe, na televisheni iliyowaka kutwa bila mtu kuiangalia. Siku za kazi nilipanga viatu katika maboksi kwenye ghala moja kubwa, na Jumapili tulisali katika kanisa la kukodi. Tuliingia mchana, wenyewe Wamarekani wakishatoka, na harufu ya kahawa yao tuliikuta bado inaelea. Kwaya yetu ilikaa pande mbili: wasichana kushoto na sketi zao za buluu, kina mama kulia na vitenge vyao. Mimi nilianza upande wa wasichana, nikaimba miezi kadhaa kwa raha zangu, mpaka baba mdogo alipoona vijana wanazidi kunisalimia baada ya ibada. Akasimama wakati wa matangazo, akasema mbele ya watu kwamba mtoto wake Sifa ameshapanwa mikono tangu kambini. Jumapili iliyofuata wasichana walinionyesha kwamba kiti changu kimejaa. Nikaenda kwa kina mama, nao wakacheka kwa upole wakauliza mume wangu yuko nyumba gani. Nikaishia kwenye kiti cha pembeni, karibu na ngoma, nikiimba sauti isiyo ya huku wala ya kule. Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yangu ilionekana mpaka madhabahuni.

Kupana mikono ni neno la wazee. Vijana wa leo wanasema uchumba, wanavishana pete mgahawani na kupiga picha. Kwetu ilifanyika hivi. Mvulana hutoa mkono, kiganja juu. Msichana huweka wake juu ya ule. Kisha mwanamke mmoja mzee wa upande wa msichana hufunika yote miwili kwa mkono wake wa kulia na kuomba. Huyo ndiye mkono wa juu, mlinzi wa ahadi. Siku ya harusi huja kuunyanyua mkono wake, na mchungaji huendelea na kazi yake. Wawili wakikataana pia, hurudi mbele yake pamoja, wanaweka mikono kama siku ile, naye anaunyanyua, na kila mmoja anaenda zake bila lawama. Lakini mkono uliofunika ndio huohuo utakaofunua. Mwenye mkono akifa kabla, wazee husema ahadi imewakaukia, na hakuna mtu wa kuibandua. Mimi nilipanwa kambini Tanzania, juma lile majina yetu yalipobandikwa kwamba baba mdogo na watu wake tutapanda ndege na jirani zetu watabaki. Jirani hao ndio kina Wilondja. Mama yangu alikuwa amekufa hapohapo kambini, na tangu alipokufa nilikula kwa Mama Wilondja. Alisikia majina, akazima moto chini ya sufuria, akamwita mwanawe Wilondja kutoka uwanjani, akanishika bega, akatupeleka wote wawili mlangoni kwa Koko Nyasa. Upande wangu hakukuwa na mwanamke mzee hata mmoja aliyebaki hai, kwa hiyo Koko akabeba pande zote mbili. Mkono wa Wilondja ulikuwa na udongo wa mpira na ulitoka jasho. Hakuna aliyeniuliza, na nasema kweli, hakukuwa na haja ya kuniuliza. Siku ile ningekubali jambo lolote mradi Mama Wilondja awe ndani yake.

Huku Amerika kila mtu alilielewa neno hilo kwa namna yake, na nililazimika kuwasikiliza wote. Baba mdogo alisema ni ndoa kamili. "Mutoto akishapanwa mikono ameolewa," aliwaambia wageni huku akichovya fufu. "Fete tu njo inabakia," yaani sherehe tu ndiyo iliyobaki. Mchungaji wetu, aliyesoma Bukavu na kupenda Kifaransa, alisema hapana, donc, ni fiançailles tu, uchumba, na kanisa linatambua pete. Wambui, Mkenya niliyepanga naye viatu, aliniambia kwamba hilo ni kama kuacha sweta kwenye kiti ili ukirudi ukikute, na mtu akikawia sana sweta huwekwa chini. Mama mmoja wa Kimarekani aliyetusaidia mambo ya shule na hospitali alisikia habari hizi, akanivuta kando, akaniuliza kwa huruma kama kuna mtu ananilazimisha. Ningemwambia nini? Kwamba kamba ninayo, na ninaogopa kufungwa, na ninaogopa zaidi kufunguliwa? Nikamwambia niko sawa. Usiku sikulala vizuri kwa sababu ya lile swali la huruma.

Kina Wilondja walifika mwaka huohuo mwanzoni. Mama na watoto walipangiwa Columbus, na Koko, ambaye faili lake lilikuwa la binti yake mwingine, akapelekwa Buffalo. Pasaka baba mdogo alituweka kwenye vani yake tukaenda Columbus kuwasalimu. Njia nzima nilikuwa nikimfikiria Mama Wilondja, jinsi atakavyonikumbatia, na kama bado ananukia vitunguu na sabuni ya mche. Alikuwepo mlangoni. Alinyoosha mikono nusu, akakumbuka, akairudisha. Mkwe hamkumbatii mkwewe. Alinisalimu akiangalia begani kwangu, akasema karibu, na chakula kilipoiva akanipa sahani yangu ya fufu, sombe ya majani ya muhogo na ndakala, wale dagaa wetu, nikapelekwa chumbani peke yangu. Kwetu msichana aliyepanwa hali chakula mbele ya mama mkwe mpaka siku atakayofunguliwa mdomo kwa sherehe. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni na sikulifikiria hata kidogo. Mwanamke aliyekuwa akinilisha kwa mkono wake nilipokuwa na malaria sasa hakuweza kuniona nikitafuna. Niliketi ukingoni mwa kitanda, katikati ya makoti ya wageni, sahani magotini, nikasikia vicheko vya sebuleni, nikalia ndani ya sombe.

Ukuta wa chumba kile ulikuwa mwembamba, na upande wa pili ulikuwa jikoni. Nilisikia maji yanafunguliwa na masufuria yanasuguliwa kwa nguvu. Alikuwa Wilondja. Alikuwa ameanza kazi ya kuosha vyombo hotelini na mikono yake haikuweza tena kukaa bure mbele ya sinki, jambo lililomtia mama yake aibu mbele ya wageni. Tangu tufike hatukuwa tumesema zaidi ya habari ya safari. Akagonga ukuta kwa kijiko.

"Sifa, umeshiba?"

"Bado. Pilipili iko mingi."

"Ni mimi nilitia." Akafunga maji. "Bon, nikuulize kintu. Wewe unanipenda?"

Labda kwa kuwa sikumwona uso, nilimjibu ukweli. "Wewe sikujue. Mimi namupenda mama yako."

Kijiko kilianguka. Alicheka mpaka mtu wa sebuleni akauliza kuna nini jikoni, naye akasema sabuni imeteleza. Kisha tukazungumza, yeye kwa sinki, mimi kwa makoti, kwa muda mrefu kuliko tulivyowahi kuzungumza maisha yetu yote. Alinieleza kwamba na yeye hanijui, kwamba kambini alinikumbuka kama mtoto wa jirani mwenye kelele, na kwamba kila kijana mwenzake alipoanza kutafuta mchumba yeye aliambiwa atulie, wake yuko Louisville. Hakuwa na mwingine moyoni. Alitaka tu kuchagua au kuchaguliwa, kimojawapo, na si kukutwa ndani ya mzigo wa kutoka kambini. Nikamwambia kwamba nikikubali kufunguliwa, mama yake atakuwa si mkwe wangu tena, na kama si mkwe wangu, basi ni nani wangu? Hatuna damu moja. Atakuwa mama fulani wa Columbus ninayempigia simu Krismasi. Wilondja akasema hilo hakuwa amelifikiria. Kisha akaosha sufuria iliyobaki.

Sasa nikiwa na watoto wangu ninaelewa jambo ambalo wakati ule lilinipita. Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyeumia na ile sahani ya chumbani. Mama Wilondja naye alikuwa kwenye kochi lake anameza bila kusikia ladha, anafuata mila sawasawa kwa sababu ndiyo kitu pekee kilichonifunga kwake, na kadiri alivyoifuata ndivyo alivyonisukuma chumbani. Tulikuwa tunapendana kwa heshima, kila mmoja upande wake wa mlango, na heshima ilikuwa inatumaliza.

Majani yalipoanza kuanguka tukapata simu kwamba Koko Nyasa amepooza upande wa kulia. Habari ile ilizunguka Louisville na Columbus kwa siku moja, na baada ya pole na maombi kila mtu alikumbuka mkono. Baba mdogo alisema lazima twende haraka, tufunge harusi mbele yake kabla ahadi haijakauka. Wilondja alinipigia simu, akaniambia twende haraka, lakini tuseme tunataka kufunguliwa. Nilikubali. Nilikubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino, nikitumaini daktari hatakuwepo. Vani ikapitia Columbus, ikawachukua Wilondja na mama yake, tukaenda kaskazini, wanaume mbele, Mama Wilondja katikati, mimi nyuma kabisa na mifuko ya unga. Kila tuliposimama kujaza mafuta niliteremka peke yangu kula mkate wangu nyuma ya gari, kwa heshima yake.

Koko alikaa kwa binti yake, West Side, nyumba ya mbao ya zamani yenye ngazi zinazolia. Kitanda chake kilikuwa kimeshushwa sebuleni ili asiwe peke yake, dirisha limezibwa kwa plastiki dhidi ya baridi, na juu ya hita kulikuwa na sufuria ya maji na maganda ya ndimu kwa ajili ya kifua chake. Mdomo ulikuwa umeenda upande lakini macho yalikuwa yaleyale. Tulimsalimu, tukaomba, kisha baba mdogo akaeleza kilichotuleta. Wilondja akasema kwamba sisi wawili tumezungumza na tunaomba kufunguliwa. Mama Wilondja aliinuka akarekebisha plastiki ya dirishani, ambayo haikuwa na shida yoyote.

Hapo wanaume wakaanza. Baba mdogo alisema ahadi ni deni, na tena angalieni, mkono wa Koko wenyewe umekataa kunyanyuka, Mungu ameshajibu. Mume wa yule binti wa Koko, mwenye nyumba, akasema ikiwa mkono umekufa basi na ahadi imekufa nao, watoto waende. Baba mdogo akauliza kama mti ukikauka kamba iliyofungwa kwake hufunguka yenyewe. Mwenye nyumba akauliza kama tulikuja kumsalimia mgonjwa au kumfanyia mazishi akiwa anasikia. Mabishano yalienda hivyo, juu ya kitanda, juu ya ule mkono uliolala kwenye blanketi kama kitu cha mtu mwingine. Koko aliwasikiliza, akageuza macho kwa binti yake, Mama Wilondja, akaanza kusema polepole, na Mama Wilondja akainama akawa anatutolea maneno yake moja moja.

Kwanza alitaka tuweke mikono kama siku ile. Wilondja akapiga magoti, akatoa kiganja. Nikaweka changu. Koko akauchukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauvuta, akauweka juu ya yetu. Ulikuwa na joto, na mzito kuliko nilivyotegemea.

"Anasema, mukono yake haisikie tena," Mama Wilondja alisema. "Iliweza kuweka, haiwezi kujitoa." Akainama tena, akasikiliza, akakawia kunyanyua kichwa. "Anasema, Sifa, inyanyue wewe. Uiweke penye unataka. Ama uiache."

Baba mdogo akasema mtoto hawezi kunyanyua mkono wa mkubwa, haijawahi kuonekana. Koko alimjibu mwenyewe, bila mkalimani, na sote tulisikia. "Mukono ni yangu."

Nimeolewa, nimezaa, nimezika, na bado sijapata kuulizwa jambo kama nilivyoulizwa pale. Nikiuacha mkono ule, nitakuwa mke wa kijana mwema niliyemfahamu kupitia ukuta, na Mama Wilondja atakuwa wangu daima, upande wa pili wa mlango. Nikiunyanyua, nitakuwa huru na sitakuwa na mtu. Nilimtazama anisaidie. Alikuwa anatazama dirisha. Nilimwonea hasira, kisha nikaona shingo yake inavyomeza, nikaelewa kwamba anajizuia asinivute. Alikuwa ananipa nafasi kwa nguvu zake zote. Nikaingiza mkono wangu wa kushoto chini ya kiganja cha Koko, nikakinyanyua. Sikujua mkono wa mkubwa unawekwa wapi. Nikaulaza kifuani pake, nikafunga kifungo cha mkono wa sweta yake, basi. Wilondja akavuta pumzi. Baba mdogo akatoka kibarazani kwenye baridi bila koti.

Hakuna aliyejua la kufanya baada ya hapo, na watu wetu wasipojua la kufanya hupakua. Mchana mwenyeji wetu, binti wa Koko, alikuwa amenunua unga wa muhogo na samaki mtaa wa Grant Street, na sasa fufu likasongwa, meza ikavutwa karibu na kitanda ili mgonjwa aone watu. Mama Wilondja alipita na beseni na birika akitunawisha mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliyamwaga maji bila kunitazama, nami nikasema moyoni, ndiyo hivyo, imekwisha. Nikapokea sahani yangu. Nikainuka nayo kimya kimya, nikageukia chumba cha nyuma palipokuwa na makoti, kama nilivyozoea tangu Pasaka.

"Unaenda wapi na sahani?" Mama Wilondja aliuliza.

"Chumbani, mama."

Alikuja akanishika bega lilelile alilonishika siku ile ya kambini, akanirudisha mezani, akavuta kiti kilichokuwa kando ya chake. "Bakwe njo banakulaga mu chumba," alisema, kwamba wakwe ndio hula chumbani. "Wewe ikaa hapa."

Nilikaa. Alikata tonge, akachovya, akala, akaningoja nami nile, akanitazama nikitafuna mpaka nikaona haya. Akauliza kama chumvi inatosha. Nikasema inatosha, ingawa haikutosha. Koko kitandani alifumba macho, tukadhani ndiyo anatuaga, watu wakaacha kula. Alikuwa amesinzia. Aliishi miaka mingi baada ya siku ile, akaona harusi ya Wilondja na harusi yangu, ambapo Mama Wilondja aliniongoza kutoka mlangoni, na aliwakemea wajukuu kwa mdomo wake wa upande mpaka juma alilofariki. Haraka yetu yote ilikuwa ya bure, na sijutii hata kidogo.

Yule mama aliyekuwa akilia ukumbini alimwachia hatimaye Mama Wilondja, akanipa na mimi mkono, akapita. Ester bado alikuwa amesimama pale pale. Akarudia swali lake kwa bibi yake, akininyooshea kidole, mimi huyu ni ndugu wa upande gani. Mama Wilondja amezeeka, macho yameingia ukungu, na hakugeuza hata kichwa. Alikuwa tayari ananyoosha mkono kwa mwombolezaji anayefuata.

"Umuulize anakulaga wapi," alisema.